Asilimia 8 ya Dar es Salaam: dhiki ya fedha ya kaya inapimwaje, na nani anabaki nje ya hesabu

Mkoa wa Dar es Salaam una umaskini mdogo kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Hivyo ndivyo unavyosema Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Asilimia 8 ya wakazi wa Dar es Salaam waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, Rukwa asilimia 45, na Tanzania Bara kwa jumla asilimia 26.4. Namba hizi bado zinatajwa kwenye semina, kwenye maandiko ya miradi na kwenye vikao vya kugawa fedha. Anayezisoma harakaharaka huondoka na picha kwamba mjini kuna nafuu na shida iko mikoani.

Sisi tunaofanya uuguzi wa jamii kati ya Kariakoo, Gerezani, Mchikichini na Jangwani tunakutana na mtu wa aina nyingine. Ana biashara ndogo, ana simu janja, anakaa nyumba ya tofali yenye umeme, na ameacha dawa ya presha wiki ya tatu sasa kwa sababu hela ya dawa imekwenda kwenye rejesho. Mtu huyu si maskini kwa kipimo cha taifa. Ila hana uwezo wa kulipia vidonge vya mwezi mmoja.

Je, takwimu zinadanganya? Hapana. Zinajibu swali tofauti na lile tunaloulizwa dirishani. Na kujua tofauti hiyo kumekuwa jambo la lazima tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023. Sheria hiyo inataka kila mtu awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Basi lazima mtu aamue nani "hana uwezo". Kipimo kitakachotumika ndicho kitakachosema mama yupi apewe kadi na yupi aambiwe alipe.

Mstari wa umaskini unachorwaje

Watafiti wa matumizi ya kaya hawaanzi kwa kuuliza mshahara. Wana sababu nzuri. Muuza maandazi hawezi kukutajia kipato chake cha mwezi, lakini anaweza kukwambia jana alinunua unga kiasi gani, alilipa maji shilingi ngapi, mtoto alipewa nauli ngapi. Kwa hiyo wanapima matumizi. Kati ya Desemba 2017 na Novemba 2018 kaya 9,463 za Tanzania Bara zilishiriki. Matumizi ya kila kaya yalijumlishwa, yakarekebishwa kwa tofauti za bei, yakagawanywa kwa idadi ya wanakaya, mtoto akihesabiwa kama sehemu ya mtu mzima. Mgawo wa mtu mzima mmoja ukiwa chini ya shilingi 49,320 kwa mwezi, kaya ni maskini wa mahitaji ya msingi. Ukiwa chini ya 33,748, huo ni umaskini wa chakula, maana yake hata fedha yote ikienda jikoni haitoshi kuwashibisha.

Gawanya 49,320 kwa siku 30, unapata 1,644. Mwaka 2018 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 hapa Dar ilikuwa shilingi 400. Kwenda na kurudi ni 800, karibu nusu ya mgawo wa siku, na hapo hujagusa hata andazi. Mwanatakwimu atakujibu kwamba si kila mwanakaya hupanda daladala kila siku, na atakuwa sahihi. Lakini hesabu hiyo inakuonyesha jambo moja: aliye juu kidogo ya mstari hajafika kwenye nafuu, amevuka mstari tu. Desemba 2023 nauli hiyo ilipandishwa hadi 600.

Ndiyo maana namba ya 2017/18 inatakiwa isomwe pamoja na tarehe yake. Baada ya hapo tumepitia UVIKO-19. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021. Oktoba mwaka huohuo wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara. Mei 2023 na tena Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka hapahapa Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo ndani ya ile asilimia 8.

Asilimia, watu, na ukubwa wa sampuli

Ukilinganisha mikoa kwa asilimia, Rukwa ina umaskini zaidi ya mara tano ya Dar. Sasa hesabu vichwa. Sensa ya 2022 iliwakuta Dar es Salaam watu 5,383,728, na Rukwa watu zaidi kidogo ya milioni 1.5. Tukichukua asilimia zile za zamani tukazipachika kwenye idadi hizi mpya, kwa makadirio tu, tunapata watu takriban 430,000 Dar es Salaam na karibu 690,000 Rukwa. Pengo la mara tano limekuwa pengo lisilofika mara mbili. Anayepanga mradi kwa asilimia atakwenda Rukwa, na sina ugomvi naye, maana Rukwa wanahitaji. Ila akiacha Dar kwa kuamini haina maskini, ameacha watu wanaoweza kujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa zaidi ya mara saba.

Kuna jambo la pili ambalo halitangazwi kwa sauti kubwa. Katika utafiti wa 2011/12, umaskini wa mahitaji ya msingi Dar es Salaam ulikuwa takriban asilimia 4. Miaka sita baadaye ukawa 8. Kipindi hichohicho Tanzania Bara ilishuka kutoka 28.2 hadi 26.4. Kwa hiyo mkoa "wenye nafuu" ulikuwa ukienda kinyume na nchi. Ukitazama orodha ya mwaka mmoja hulioni hilo, kwa sababu wa mwisho amebaki wa mwisho.

Na la tatu ni sampuli. Kaya 9,463 ukizigawa kwa mikoa 26 ya Bara, wastani ni kaya 364 kwa mkoa. Hata kama Dar ilipata zaidi ya wastani, asilimia 8 ya idadi ya namna hiyo ni kaya chache za kuhesabika. Zinatosha kutupa picha ya mkoa. Hazitoshi kutuambia Kariakoo ikoje ukiilinganisha na Mbezi Beach au Vingunguti, na utafiti wenyewe haukuahidi hivyo. Jiji lenye Masaki na Tandale ndani yake likipewa namba moja, namba hiyo haimwelezi mtu wa Masaki wala wa Tandale.

Ukibadilisha dodoso, umebadilisha umaskini

Hili si jambo la kinadharia, lilijaribiwa hapahapa nchini. Kati ya 2007 na 2008 watafiti wa uchumi walizichukua kaya zipatazo 4,000, zikiwemo za Dar es Salaam, wakazigawa kwa njia nane tofauti za kuuliza matumizi. Wengine walipewa daftari la kaya nzima, wengine daftari la kila mtu, wengine waliulizwa tu wakumbuke siku zilizopita. Nchi moja, wakati mmoja, njia nane. Majibu yakatofautiana kwa kiasi kikubwa. Na moja ya mapungufu yaliyojitokeza ni kwamba kaya za mjini zilizojaza daftari moja la nyumba nzima ziliandika pungufu ya kilichotumika.

Anayeijua Kariakoo hashangai. Daftari lipo nyumbani kwa mama. Baba kanywa supu Msimbazi asubuhi, kijana kala chipsi mayai kijiweni, binti kanunua vocha na soda. Nani anamwambia mama yote hayo jioni? Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba matumizi halisi ya mjini ni makubwa kuliko yaliyoandikwa, na umaskini wa mstari ni mdogo zaidi ya tunavyodhani. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani kila kasoro ya kipimo inaficha umaskini. Nyingine zinauongeza.

Vipo pia vipimo vinavyoangalia mali badala ya matumizi: sakafu ya nini, paa la nini, umeme upo, televisheni ipo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto hutumia njia hiyo kuzipanga kaya kutoka maskini hadi tajiri. Kijijini inafanya kazi vizuri, kwa sababu mwenye sakafu ya saruji mara nyingi ndiye mwenye nafuu. Lakini njoo kwenye nyumba ya vyumba sita ya Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe. Sakafu ni vigae, umeme upo, choo cha kuvuta maji kipo, na kila chumba kina familia. Vigae ni vya mwenye nyumba. Mpangaji wake ana godoro, jiko la gesi na deni la kodi ya miezi sita, na fomu itamwandika karibu na matajiri.

Kila kipimo kina bingwa wake. Utafiti huohuo wa afya wa 2022 ulikuta watoto waliodumaa kwa wingi zaidi wako Iringa, asilimia 56.9, wakati wastani wa nchi ni 30. Iringa ni mkoa unaolima na kulisha wengine, wala hauongozi kwa umaskini wa fedha. Kwa hiyo mtu akikwambia mkoa fulani "una hali mbaya zaidi", muulize kwanza amepima nini.

Dhiki ni ya siku

Umaskini wa takwimu unahesabiwa kwa mwezi na kwa wastani. Dhiki ya fedha inamkuta mtu siku fulani, saa fulani. Hapo ndipo Kariakoo inapotofautiana na shamba. Mkulima ana msimu wa njaa anaoufahamu, miezi kabla ya mavuno. Kuli, mama lishe, machinga na dereva wa bodaboda wa Kariakoo wana msimu wa njaa unaoweza kuanza kesho asubuhi bila taarifa.

Chukua Juni 2024, maduka yalipofungwa. Mwenye duka alikuwa na mgomo wake na sababu zake. Kuli hakuwa na mzigo wa kubeba. Mama lishe hakuwa na wateja wa kula wali maharage. Siku tatu tu za namna hiyo kwenye wastani wa mwaka ni kitu kidogo, karibu asilimia moja. Kwa mtu anayekula alichopata leo, ni siku tatu za kupiga pasi ndefu, watoto wakiwemo. Wastani unasawazisha kile hasa kinachoumiza.

Halafu kuna rejesho. Mikopo ya kausha damu haihitaji utangulizi kwa msomaji wa Dar, lakini hesabu yake inahitaji kuandikwa. Tuseme mtu anakopa 200,000. Anakatwa 20,000 ya fomu, anaondoka na 180,000. Anarejesha 9,000 kila siku kwa siku 30, jumla 270,000. Amelipa 90,000 zaidi ya alizopokea mkononi, nusu nzima. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana wenye leseni. Kwa mkopo wa 200,000 hiyo ni 7,000. Anayelipa 270,000 yuko kwenye soko jingine kabisa. Upo pia mkopo wa simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na wanaozifahamu wanajua namna zinavyotuma ujumbe kwa ndugu na marafiki wa mkopaji kumwaibisha.

Sasa angalia kipimo cha matumizi kinavyomwona mtu huyu. Mwezi aliokopa, amenunua mchele, kalipa ada, kanunua sare. Matumizi yamepanda. Kwenye daftari anaonekana amepata nafuu. Mwezi unaofuata anakaza mkanda, lakini kama daftari halikumkuta mwezi huo, basi. Deni lenyewe mstari wa umaskini hauliulizi. Taasisi za kumbukumbu za mikopo zenye leseni zina taarifa za benki na wakopeshaji rasmi. Kausha damu wa mtaani hayumo humo, wala duka la Mangi, wala kijumbe.

Mama lishe mmoja ninayempima presha kwa miaka kadhaa aliwahi kunieleza jambo ambalo sijalikuta kwenye ripoti yoyote. Nilimuuliza, "Mama, dawa umeacha lini?" Akanijibu bila aibu, "Dada nesi, dawa haina afisa mikopo. Haiji kunigongea." Presha yake siku hiyo ilikuwa ya kumpeleka hospitali. Rejesho alikuwa amelipa.

Hapo ndipo dhiki ya fedha inapokuwa suala la afya. Presha na sukari ni magonjwa ya kimya. Ukiwa na vitu vitatu vya kulipia, unaanza na kile chenye kelele. Mkopeshaji ana kelele, mwenye nyumba ana kelele, mtoto mwenye njaa ana kelele. Kidonge hakina. Tunawaona wanaomeza siku moja na kuacha moja ili karatasi ifike mwisho wa mwezi, wanaonunua vidonge vitano vitano duka la dawa, wanaogawana dawa na jirani. Ukimuuliza "unatumia dawa?" atasema ndiyo, na hajasema uongo. Mwenye dozi ya kukatakata presha yake haishuki ipasavyo, na hatari ya kiharusi na ya figo kuharibika inabaki palepale.

Asiyekwenda hospitali

Kuna kipimo cha kimataifa kinachohusu afya moja kwa moja. Katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ulimwengu awali ulikubaliana kuhesabu kaya ambazo gharama za matibabu kutoka mfukoni zimezidi asilimia 10, au 25, ya matumizi au mapato yake yote. Wengine hutumia asilimia 40 ya kinachobaki baada ya chakula na mahitaji ya lazima. Ni kipimo kizuri kwa aliyelazwa, akauza kabati na friji kulipia upasuaji.

Lakini hakimwoni aliyebaki nyumbani. Yule mama lishe alitumia shilingi sifuri kwa dawa mwezi ule. Kwenye hesabu hii yeye ni kaya salama kabisa, salama kuliko jirani yake aliyekopa akatibiwa. Mkoa ambao watu wake wengi hawaendi hospitali kwa kukosa fedha unaweza kuonekana bora kuliko mkoa ambao watu wanakwenda na kulipa. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote niliyoyataja, na dawa yake ni swali moja la ziada: je, katika miezi mitatu iliyopita kuna dawa, kipimo au rufaa uliyoiacha kwa sababu ya fedha?

Wengine wanalinganishaje

Marekani walikutana na shida inayofanana. Mstari wao wa taifa wa umaskini ulikuwa unawaacha nje watu wenye kazi ambao mshahara hauwafikishi mwisho wa mwezi. Mwaka 2009, katika kaunti ya Morris, jimbo la New Jersey, shirika la hisani la United Way lilianza kuhesabu kitu kingine: kaya ndogo inahitaji kiasi gani ili iishi pale ilipo, ikiwa na kodi ya nyumba, chakula, usafiri, malezi ya mtoto, matibabu na simu? Wakaipa kaya isiyofikia hapo jina la kike, ALICE, lililoundwa kwa herufi za maneno yanayomaanisha mwenye mali kidogo, kipato finyu, na ajira. Leo hesabu hiyo inafanywa kaunti kwa kaunti katika majimbo mengi, na kila kaunti inapimwa kwa bei zake yenyewe. Kaunti tajiri yenye kodi kubwa ya nyumba inaweza kukutwa na dhiki iliyokuwa haionekani.

Njia hiyo hatuwezi kuileta Kariakoo kama ilivyo. Inategemea kumbukumbu za mishahara na kodi ambazo machinga hana. Lakini wazo lake linaeleweka hata kwenye kikao cha mtaa: anza na gharama ya kuishi hapa, kisha uliza nani hafikii. Na kwanza amua "hapa" ni wapi. Kariakoo ya mchana ina watu wengi kuliko ya usiku. Anayeuza Mtaa wa Congo analala Mbagala, Gongo la Mboto au Kigogo, na utafiti wa kaya utamhesabia kule anakolala. Soko likiungua Kariakoo, dhiki inaandikwa Temeke na Kinondoni.

Kingine ambacho kinaweza kutumika bila gharama kubwa ni kipimo cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, chenye maswali manane ya ndiyo au hapana. Kinaanza na wasiwasi wa kukosa chakula, kinapita kwenye kula vyakula vya aina chache, kuruka mlo, kula kidogo kuliko ulivyopaswa, hadi kukaa siku nzima bila kula kwa kukosa fedha. Hakijali mtu analima au anabeba mizigo, kwa hiyo Rukwa na Ilala wanaweza kuulizwa kitu kilekile. Kwa hapa Kariakoo ningependa swali la kuruka mlo lifafanuliwe, maana wengi hawapiki kabisa, wanakula kwa mama lishe. Mtu aliyekula sahani moja ya wali saa nane mchana hadi kesho yake asubuhi hajioni kama "ameruka mlo". Vyuma vimekaza tu, ndivyo anavyosema.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF nao una njia yake: mkutano wa jamii unataja kaya maskini, kisha fomu inathibitisha. Kijijini watu wanajuana. Kwenye mitaa ya Kariakoo mpangaji wa chumba cha tatu hajui jina la mpangaji wa chumba cha tano, na aliye kwenye dhiki kubwa huenda alihamia mwezi uliopita. Nani atamtaja?

Ukija kliniki

Katika kazi ya mtaani na kliniki nimezoea kuuliza mambo manne kabla sijaandika kwamba mgonjwa "hazingatii dawa". Una rejesho la kila siku au la kila wiki, na ni shilingi ngapi? Kodi ya chumba inaisha mwezi gani? Wiki hii kuna siku mlikula mara moja tu? Kuna dawa au kipimo ulichokiacha kwa sababu ya hela? Si dodoso la kitaifa wala halijapimwa na mtaalamu wa takwimu. Linachukua dakika mbili, na majibu yake hubadilisha ninachofanya. Mwenye rejesho la kila siku sitamwambia aje Jumatatu asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa yake ya kuuza. Tutaongea na daktari kama ipo dawa ya bei nafuu ya kumeza mara moja kwa siku. Mwenye kodi inayoisha mwezi huu nitamwomba namba ya pili ya simu, kwa kuwa huenda akahama na tukampoteza.

Kama wewe ndiye uliye katika hali hii, waambie wahudumu ukweli kuhusu fedha kama unavyowaambia kuhusu maumivu. Usisubiri uulizwe. Huduma kadhaa hutolewa bila malipo katika vituo vya umma kwa mujibu wa sera: kliniki ya wajawazito na kujifungua, matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano, dawa za kifua kikuu, dawa za kufubaza VVU, na matibabu ya wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Kwa asiye kwenye makundi hayo, upo utaratibu wa msamaha kupitia ofisa ustawi wa jamii wa hospitali au kituo cha afya. Kwa kawaida utahitaji barua ya serikali ya mtaa unaolala, siyo mtaa unaofanyia biashara, na hapo ndipo watu wengi wa Kariakoo hurudishwa. Chukua barua hiyo mapema ukiwa mzima, iwe na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, na uweke nakala. Ukiwa na presha au sukari na umeacha dawa, rudi kliniki hata kama huna hela siku hiyo. Kupimwa tu kunatuwezesha kujua kama unaweza kusubiri barua au unahitaji kupelekwa hospitali leo.